Kivuko cha Karatasi

Kicheko cha Mishi kiliruka ua wa makuti, kikamfikia Fumo njiani kabla hajamwona mwenyewe. Kilikuwa kicheko cha kumchekea mtu. Ubeti aliokuwa akiunoa tangu asubuhi ukamtoka kichwani.

Uani, bibi yake Mishi akisuka ukili pembeni, Fumo alimkuta Sharif. Huyu alikuwa mpishi wa mzungu mpima ardhi, mtu wa Austria. Alikuwa amemtandazia Mishi mkekani noti ndogondogo zenye rangi kama leso.

"Vita vile vya kwanza vilipokwisha, sarafu ziliadimika kwao bwana wangu," Sharif alikuwa akieleza. "Kila mji ukajichapia chenji ya karatasi. Zikapendeza mno, watu wakaziweka wasizitumie. Leo hazinunui hata kiberiti."

"Kama maneno yako," Fumo akasema.

"Karibu, malenga. Wivu umeuacha mlangoni au umeingia nao?"

Mishi akacheka tena. Fumo alilala na kicheko hicho siku tatu.

Alhamisi alasiri, kwenye harusi ya Kibibi, binamu yake, Mishi aliimba. Watu wakamtuza kama ilivyo desturi, mmoja mmoja, wakimchomekea shilingi mtandioni. Sharif naye akajongea, akachomeka noti yake ya rangi. Damu ikampanda Fumo. Aliruka, akaichomoa, akaipasua vipande viwili.

"Anamtuza pesa mfu! Mnaona? Anamdhihaki mbele za watu!"

Ngoma ikanyamaza. Mishi akainama, akaviokota vipande.

"Noti hii nilimwomba mwenyewe," alisema. "Tazama ulichopasua."

Ilikuwa picha ya mto, kamba imetandwa ng'ambo hadi ng'ambo, na mwanamume ameikunjia mgongo akiivuta, chombo kimejaa watu. Fumo aliujua mgongo ule. Babake Mishi alivuta kamba ya kivuko cha Garsen miaka kumi na minane, hadi mafuriko yalipomchukua. Hakuacha picha hata moja.

Sharif akarudi kuketi mahali pake, taratibu. Heri angetukana.

"Mishi," Fumo akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "nitaiunga kwa gundi ya mgunga, hata mpasuko usiuone. Na shairi langu la kwanza kuimbwa hadharani litakuwa la babako. Siku hiyo Sharif akija kunituza, kwa karatasi yoyote aitakayo, nitainamisha kichwa nipokee. Nakuahidi."