Jicho la Kushoto la Ato Shibeshi

Wazee watatu walikwenda kuniposea Abonesh, wakarudi wameshiba na hawana jibu. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Kwetu Addis Ababa baba anayekubali posa safari ya kwanza huonekana alikuwa anatafuta wa kumtwika binti yake. Lakini mjomba wangu Zeleke, msemaji wao, alikuwa na neno la ziada, na alilitoa huku akivua viatu taratibu, maana alipenda kuniona nikisubiri.

"Amesema haelewi hiyo kazi yako ni kazi gani. Umchore yeye. Akishajiona, ndipo atajua kama unaweza kulisha mke."

Nikacheka. Nilikuwa nimehitimu shule ya sanaa, nina cheti, nina skafu niliyoifunga shingoni hata jua likiwaka. Kumchora mzee mwenye gereji ya kuchomelea vyuma niliona ni kazi ya alasiri moja. Kisha nikakumbuka jicho.

Ato Shibeshi, yaani Bwana Shibeshi, baba yake Abonesh, alikuwa na jicho bovu la kushoto. Lilikuwa limefunikwa na weupe, kope yake imelala, na lilitoa machozi hata akicheka. Nikimchora alivyo, nimemtukana mkwe. Nikimtengenezea jicho zima, nimemdanganya, na anayemdanganya mkwe kwa rangi hashindwi kumdanganya mke kwa maneno. Mtu mwenye akili zake angekwenda kumuuliza mwenyewe. Mimi nilikuwa msomi, kwa hiyo nikaenda maktaba.

Taabu ya vitabu vya sanaa mjini kwetu ni kwamba vinapendwa. Maktaba ya shule yetu ilikuwa na rafu mbili tu, na kila kitabu nilichofungua kilikuwa na madirisha. Mwenye wembe alinitangulia, akachukua picha na kuniachia maelezo. Nikasoma kurasa kwa kurasa za sifa za rangi ambazo sasa zilikuwa ukutani kwa mtu. Majarida yalikuwa na hali mbaya zaidi. Lile lililokuwa na picha za wanawake wasiovaa nguo lilibaki jalada na pini.

Nikaenda Merkato, kwa wauzaji wa vitabu chakavu wanaokaa karibu na wauza pilipili. Nilimweleza mmoja kwamba natafuta kitabu chenye picha za watu wakubwa wenye ila ya jicho. Alinisikiliza vizuri sana, akaingia ndani ya marundo yake, akatoka na kitabu cha madaktari kuhusu magonjwa ya macho. Nilikifungua mara moja. Siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Ndipo nikapanda hadi mtaa wa Piassa, kwenye maktaba ndogo ya Waitaliano iliyokuwa juu ya duka la viatu. Mlinzi wa hazina hiyo alikuwa Weizero Kelemua, mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sheria yake ilikuwa unawe mikono kwenye beseni, upindue mifuko, ndipo uguse karatasi. Aliniuliza kama natoka shule ya sanaa. Nikajibu ndiyo, kwa majivuno.

"Basi kaa hapa hapa mbele yangu," akasema. "Nyinyi mnaipenda sanaa mpaka mnaondoka nayo."

Aliniletea majarida yaliyojalidiwa pamoja, mazito kama mawe ya kusagia. Kiitaliano sikukijua hata neno la kuombea maji, lakini sikutaka mama yule ajue, nikawa nafunua kurasa huku nikitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na hoja. Nilirudi kesho yake, na wiki iliyofuata. Na siku moja nikafunua ukurasa nikamkuta mheshimiwa mmoja mwenye kofia nyekundu, pua kama shoka, nyuma yake vilima vya buluu. Alikuwa amechorwa kwa upande. Jicho moja tu linaonekana. Nikafunua tena. Mwingine, kwa upande. Mwingine, mkufu wa dhahabu shingoni, kwa upande.

Nilitaka kumkumbatia Weizero Kelemua. Jawabu lilikuwa hilo. Nitamchora Ato Shibeshi upande wa kulia, na lile jicho bovu litabaki upande wa pili wa uso, huko ambako hakuna anayeliona. Sijadanganya, sijatukana. Nilijiona nina busara kuliko wazee wote watatu wakiwekwa kwenye mizani pamoja.

Nilimkalisha mzee gerejini kwake, nikamwomba atazame mtungi wa gesi. Akautazama. Alikaa tu kama mtu anayesubiri kunyolewa. Nyuma yake niliweka vile vilima vya buluu na miti myembamba ya Kiitaliano, ingawa yeye ni mtu wa Menz na vilima vya kwao vina mawe na kondoo. Kofia nyekundu nilijizuia kwa shida. Abonesh alitaka kuchungulia, nikamwambia kazi ya sanaa haichunguliwi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwa jina la Kiitaliano nililolisoma chini ya picha. Sasa nadhani lilikuwa jina la mpiga picha wa jarida.

Picha ilifunuliwa siku ya Mikaeli. Chama chao cha Mtakatifu Mikaeli hukutana kila mwezi, nyumba kwa nyumba, na mwezi ule ilikuwa zamu ya Ato Shibeshi. Kasisi alikuwepo, majirani walikuwepo, mkate mkubwa umekatwa na pombe ya nyumbani imemiminwa. Mjomba Zeleke alikaa karibu na mlango, ametabasamu tayari. Nikavuta shuka.

Sasa nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kwa sababu kila mtoto aliyebebwa mgongoni kwenda kanisani analijua kabla ya kuota meno. Kwenye kuta za makanisa yetu watu wema wana macho mawili. Wanakutazama. Anayechorwa kwa upande, mwenye jicho moja, ni Yuda. Ni mashetani. Ni wale askari wanaowapiga mashahidi. Bibi yangu aliwanyoshea kidole mmoja mmoja: huyu mwema, huyu muovu, huyu muovu. Nililijua hilo kabla ya kujua jina langu la shule, na majuma machache ya kukaa na Waitaliano wa kwenye karatasi yalitosha kulifuta. Ndiyo elimu niliyokuwa nayo.

Kasisi aliacha kutafuna. Bibi mmoja alifanya ishara ya msalaba, akajifunika mdomo kwa shuka yake. Mtu nyuma yangu aliuliza kwa sauti ya chini lile jicho jingine limekwenda wapi. Nami ndiyo kwanza nikaiona picha yangu. Yule pale, mkwe wangu, anaangalia pembeni kama mtu aliyekwisha kupokea vipande vyake vya fedha.

Ato Shibeshi aliisogelea akaitazama. Kisha akageukia picha ya malaika iliyokuwa ukutani, yule mwenye upanga na adui chini ya miguu.

"Mikaeli tunaye siku zote," akasema. "Leo na yule anayekanyagwa tumempata."

Hakuna aliyecheka. Abonesh alichukua sinia, akatoka, na hakurudi. Njiani mjomba Zeleke alinisimamisha kwenye daraja. Hapo akaniambia amewahi kumposea mlevi, amewahi kumposea mtu aliyetoka jela, na wote walipata wake, lakini hajawahi kumposea mtu aliyemfanya mkwe kuwa Yuda mbele ya kasisi.

Kesho yake Abonesh alinikuta nje ya kanisa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Baba hajala tangu jana. Anasema tu kwamba sasa anajua watu wanamwonaje. Kama huwezi kumwondolea hilo, usiwasumbue wazee kurudi. Nitakataa mwenyewe."

Nilimpenda Abonesh kiasi cha kuumwa. Sikuwa na njia, na nilipokosa njia nikafanya kile kile nilichokizoea: nikakimbilia kitabu. Nilimtuma mjomba amwombe Ato Shibeshi aje tu maktaba, aone kwa macho yake kwamba nilichofanya kwa wengine ni heshima. Nilishangaa alipokubali.

Alikuja Jumamosi asubuhi, amevaa shuka nyeupe ya kanisani. Weizero Kelemua aliitazama mikono yake iliyoingiwa na mafuta ya gereji, akamrudisha kwenye beseni mara ya pili. Alinawa bila kunung'unika. Nikamfungulia ukurasa wa mheshimiwa wa kofia nyekundu, nikaanza hotuba: tazama baba, mtu mkubwa, tajiri, naye amechorwa hivi hivi.

Akalivuta jarida karibu na jicho lake zima. Midomo ikaanza kuchezacheza. Nikadhani anasali. Nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kujali kujua, kwamba kabla ya kuwa na gereji yake alifanya kazi kwa fundi wa Kiitaliano ujana wake wote.

"Unamjua huyu ni nani?" akauliza.

"Mtu mkubwa, baba."

"Hapa imeandikwa alimtupa kaka yake kisimani, akarithi nyumba." Akafunua. "Huyu aliwafungulia maadui lango la mji wake."

Weizero Kelemua aliinamia kadi zake, mabega yakimtikisika. Nikamwonyesha bibi mmoja mwenye lulu kwenye nywele, nikauliza kwa unyonge na huyu je. Akasoma mpaka mwisho.

"Huyu hakufanya kitu. Alikufa tu." Akaweka kiganja juu ya ukurasa. "Mwanangu, humu mna watu wengi wenye macho mawili. Nimewaona wakati unafunua. Kwa nini uliwachagua hawa?"

Jibu la kisomi lilikuwepo, nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima. Halikutoka.

"Nilitaka kulificha jicho lako, baba. Niliona haya kulichora."

"Haya yako au yangu?"

Alilifunga jarida taratibu, kwa namna ya mtu anayejua thamani ya vitu vya watu.

"Abonesh alikuwa mdogo, ndiyo kwanza anajua kusoma," akasema. "Kioo cheusi cha kukinga macho nikichomelea kilivunjika. Ningesubiri kingine, kazi ingepewa mwenzangu, na mtoto angerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nikachomelea bila kioo mpaka kazi ikaisha. Jicho hili ndilo lililomsomesha. Wewe umenichora vizuri, pua ni yangu, sikio ni langu. Ulichokitoa ni hicho kimoja tu."

Nililia, mbele ya Weizero Kelemua na majarida yake. Mama yule alinisogezea kitambaa, na hata hapo alihakikisha kwanza nimejitenga na karatasi.

Jumatatu nilikwenda gerejini na ubao mpya. Sikubeba kitabu, wala skafu. Ato Shibeshi alivuta kigoda akakaa mbele yangu, karibu mpaka magoti yetu yakagusana. Nikauliza nianzie wapi.

"Hapa," akasema, akionyesha kope iliyolala. "Hili lingine halina taabu."

Nikalitazama. Nilikuwa sijawahi kulitazama zaidi ya kupepesa. Weupe wake haukuwa mweupe, ulikuwa na buluu kidogo na kijivu, na kovu dogo kwenye kona, na chini yake chozi lilikuwa limetengeneza njia yake ya miaka mingi. Nilikaa nalo muda mrefu, penseli mkononi, sijaweka hata mstari.

"Mwambie mjomba wako aje na wenzake Jumapili," akasema.

"Lakini baba, bado sijachora kitu."

"Umelitazama. Wengine wote huongea nami wakiangalia sikio."