Sanduku la Odette Guillory

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumanne ya pili ya Januari, Odette Guillory alitoka bafuni akakuta sanduku lake limeshajifunga. Lilikuwa limesimama mlangoni, magurudumu yakitazama nje. Alilifungua. Nguo alizozitundika jana zilikuwa ndani, zimekunjwa vizuri kuliko anavyokunja yeye. Mswaki alioutua dakika moja iliyopita ulikuwa ndani pia, unadondosha maji juu ya soksi. Chini kabisa lilikaa sufuria la chuma la marehemu bibi yake, bado lina uvuguvugu wa mchuzi wa bamia wa jana.

Alitoa sare ya kazi, akavaa, akaenda zake.

Hakuwa na sababu ya kushangaa. Alikuwa muuguzi wa mikataba ya wiki kumi na tatu kumi na tatu, na Duluth, mji wa barafu huko kaskazini, ulikuwa wa kumi na nne kwake. Sanduku lilianza tabia hiyo katika mji wa pili. Wenye nyumba za kupangisha walikuwa wanaijua. Huyu wa Duluth, mwenye duka la chambo cha samaki hapo chini, alikuwa amebandika masharti kwenye friji: Viatu viachwe mlangoni. Taka ni Jumanne. Gari lichomekwe kwenye umeme kabla ya kulala, injini isigande. Sanduku likisimama mlangoni, lipishe. Sharti la nne lilipigiwa mstari, lakini hata la kwanza lilipigiwa mstari, kwa hiyo hilo si hoja.

Kwao ni Lafayette, Louisiana, ambako hospitali iliwaachisha kazi wauguzi kumi na wanne, yeye akiwemo, na mwezi uliofuata ikatangaza kwamba ina upungufu mkubwa wa wauguzi kumi na wanne. Tangu hapo Odette alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: mji ambao angelaza lile sufuria jikoni akalikuta palepale asubuhi. Hakuona kama ameomba makubwa.

Wadini alipokewa na Marlys Engebretson, msimamizi wa zamu, mwenye miaka ishirini na sita ya kazi na sweta lenye picha ya paa walioshikana pembe.

"Karibu. Umeleta koti la maana?"

"Ndiyo, Bi Marlys."

"Hilo si koti, mwanangu, hilo ni leso. Na hiyo Bi iache, nikiisikia magoti yananiuma."

"Sawa, Bi Marlys."

Kwenye chumba cha chai palikuwa na sahani yenye kipande cha mwisho cha keki ya limau. Watu wa huko hawali kipande cha mwisho. Anayekitamani hukikata katikati, akala nusu, akamwachia mwenzake nusu. Kipande hicho kilikuwa kimedumu tangu Oktoba na wauguzi kumi na mmoja walikula hapo kila siku. Kufikia Januari walikuwa wanakikata kwa kisu cha upasuaji. Hakikuwa kimeota ukungu wala kupungua ladha.

Odette, mgeni, alinyoosha mkono akichukue chote. Chumba kizima kikamgeukia. Marlys alimvuta pembeni kama mtu aliyeonekana anapangusa kamasi kwa pazia la kanisa.

"Sikiliza. Hapa ukipewa kitu, unakataa. Ukipewa tena, unakataa tena. Ya tatu ndiyo unachukua, tena kwa kulalamika kidogo."

"Na kama hakuna anayekupa mara ya tatu?"

"Yupo nani asiyetoa mara ya tatu?" Marlys aliuliza. Hakuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo.

Wiki zilikwenda. Odette alijifunza kusema "si mbaya" kwa kitu kilichomfurahisha, na kutembea juu ya barafu kama bata. Kila jioni alitundika nguo na kuweka sufuria juu ya jiko. Kila asubuhi alilikuta sandukuni. Safari moja alilifunga jikoni kwa mnyororo wa baiskeli. Asubuhi mnyororo nao ulikuwa umekunjwa vizuri pembeni ya soksi.

Wiki ya tisa akaja Bwana Trent Kessler, kutoka makao makuu ya kampuni yenye hospitali, huko Phoenix, amevaa viatu vya kitambaa. Alikaa kwenye chumba cha chai na orodha ya kupunguza wafanyakazi, akaita wauguzi mmoja mmoja. Odette alikuwa wa mwisho kwenye foleni, karibu na mlango, akasikia yote.

"Marlys, unataka kubaki na nafasi yako?"

"Aa, mimi sina neno. Kama yupo anayeihitaji zaidi, mpe yeye."

Bwana Trent akaandika: Hapana.

Akaita wa pili, akajibiwa kwamba asijisumbue kwa ajili yake. Hapana. Wa tatu akasema kuna vijana. Hapana. Wote kumi na mmoja walijibu kama walivyolelewa, na dakika kumi na tano hazikufika. Odette alipoulizwa alisema ndiyo kabla swali halijaisha, akatia saini mkataba wa kubaki papo hapo bila kusoma.

"Umekataa kazi yako?" alimwuliza Marlys ukumbini.

"Nimekataa kistaarabu. Atarudi kuuliza."

"Asiporudi?"

"Bado mara mbili, mwanangu. Atakwenda wapi?"

Bwana Trent alikuwa anakwenda kwenye lifti. Odette alimkimbilia.

"Samahani. Hawa watu hawajakataa. Hapana yao ya kwanza ni salamu. Rudi ukaulize tena."

"Nimeshaandika kwa wino."

"Si kalamu bado unayo?"

"Orodha hii inatakiwa ibaki na ndiyo moja," alisema Bwana Trent, bila ubaya wowote, "na ni yako. Nikimwandikia mwenzako ndiyo, basi wewe nikuandike hapana. Niandike?"

Odette alilifikiria lile sufuria. Alinyamaza. Kunyamaza huko kulichukua kama sekunde nne, kisha lifti ikafika, na Bwana Trent akaingia na viatu vyake.

Jioni ile Odette alitundika kila kitu, hata koti jipya. Sufuria alilijaza maji na kuliweka jikoni ili liwe zito. Asubuhi sanduku lilikuwa mlangoni. Sufuria lilikuwa ndani na maji yake, hakuna tone lililomwagika, na juu ya kifuniko uliwekwa ule mkataba, umefunguliwa ukurasa wa tatu. Alisoma akiwa amesimama. Nafasi ya kudumu, ulisema, itakayofanywa upya kila baada ya wiki kumi na tatu.

Siku hiyo Marlys alichelewa kazini kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita.

"Nyumba yangu imejifunga," alisema akivua koti. "Sebule nzima imo kwenye maboksi. Hata fimbo za kuvulia samaki za marehemu Lowell zimefungwa kwa kamba, kwa mpangilio." Akafikiri. "Mashuka ya lastiki yamekunjwa pembe nne. Mimi nimeshindwa kuyakunja maisha yangu yote. Si mbaya."

"Bi Marlys, nilimwambia. Kisha akaniuliza jambo, nikanyamaza."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya mashine ya soda." Marlys aliweka sweta sawa. "Ningekuwa mimi, ningesema hapana. Na ona ilivyonifaa."

Wakala wa wauguzi wa mikataba alimpatia Marlys mkataba wa wiki kumi na tatu. Ulikuwa wa Lafayette, wadi ileile ambako Odette aliachishwa kazi. Nafasi za pale, wakala alieleza, huwa hazikosi kuwa wazi.

Siku ya kuondoka, Marlys alikuja wadini kuaga. Kuaga kwa watu wa huko hufanyikia mlangoni na huchukua saa nzima. Walizungumza barafu, barabara, kisha barafu tena. Odette alileta ile sahani. Kipande cha keki kilikuwa sawa na punje ya mchele.

"Chukua, Bi Marlys."

"Hapana, kula wewe."

"Chukua."

"Siwezi, wapo wenzangu."

Odette akasogeza sahani. "Chukua."

Marlys alikichukua chote. Alisema hakukuwa na haja ya kujisumbua, akakitafuna kwa muda mrefu, na machozi yakamlengalenga, ambayo alisema ni ya limau.

Jumanne iliyofuata, Odette akiwa anapita pembeni ya sanduku lake, simu ililia.

"Joto la huku ni la kipekee," alisema Marlys. Hilo kwa watu wa kwao ni tusi. "Nyumba si mbaya. Ila sanduku limesimama mlangoni na mswaki wangu."

"Toa sare, vaa," alisema Odette. "Kisha lipishe."