Mlango wa Onyesho la Tatu

Jumanne saa kumi alasiri fundi seremala alileta mlango kwa mkokoteni, akauegemeza kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa. Mwalimu, aliyestaafu miaka sita nyuma na sasa ndiye mtunzi wa michezo yote ya usharika, alitoka kuukagua. Ulikuwa wa mbao nyepesi, umepakwa rangi ya kahawia, umesimama ndani ya fremu yake. Haukuwa na kitasa wala komeo. Aliusukuma kwa kidole kimoja, ukafunguka.

"Haupigi hata kelele," alisema.

"Mchezo wa amani, Mwalimu. Ningekuleteaje mlango wa kelele?"

Dhehebu lao lilijulikana kwa kukataa kushika silaha, na kila mwaka waliigiza historia hiyo. Katika onyesho la kwanza waasisi walichapwa viboko kwa kukataa kwenda vitani. Katika la pili walijenga kanisa kwa mikono yao. La tatu ndilo lililowatoa watu machozi: mwaka wa mapigano, watu wa ng'ambo ya reli walipochomewa nyumba wakakimbilia kanisani, na waumini wakawafungulia bila kuuliza nani wa upande gani. Aliyefungua mlango alikuwa mzee wa kanisa, baba yake Mwalimu, ambaye bado alikuwa hai.

Walipoupandisha jukwaani, mlango haukufunguka.

Mwuza nyama, ambaye ndiye aliyeigiza nafasi ya baba, alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Fundi aliitwa. Alipiga randa, akalegeza bawaba, mwishowe akazing'oa kabisa. Mlango uliendelea kusimama palepale. Walipoushusha chini ukafunguka, walipoupandisha ukagoma.

"Hauna kitu," fundi alisema, akikusanya vifaa vyake. "Haufunguki tu, basi."

Alhamisi wakaja wenye mlango. Walikuwa kumi na mmoja, waliofia nje ya kanisa mwaka ule wa mapigano. Waliingia ukumbini wakati wa mazoezi na kukaa safu ya nyuma, nguo zao zikinuka moshi. Kiongozi wa kwaya aliwahesabu, akaagiza viti viongezwe. Onyesho la tatu lilipofika walipanda jukwaani bila kuambiwa, wakasimama upande wa nje wa mlango, wakagonga. Waligonga mpaka onyesho likaisha, kisha wakarudi kukaa.

Mmoja wao alikuwa mama mwenye godoro kichwani, limefungwa kwa kanga. Mwalimu alimfuata baada ya mazoezi. Alisita kidogo, kwa kuwa yule mama alionekana wa miaka thelathini hivi, lakini alipopiga hesabu vizuri akaona ni yeye anayepaswa kuamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

Mwalimu akamtajia baba yake.

"Aa, yule wa besi," mama alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nafua vitambaa vya kanisa. Tulimtambua kwa sauti. Mlango mnene ule, lakini besi yake ilipenya."

"Ilipenya vipi, na mlango ulifunguliwa?"

Mama aliliweka godoro vizuri kichwani. "Kamuulize mwenyewe," alisema kwa upole.

Kesho yake asubuhi Mwalimu alimkuta baba yake amekaa barazani, amemnyooshea miguu amkate kucha kama kila Ijumaa. Alikata mguu wa kulia wote kabla hajafungua kinywa.

"Baba, siku ile mlango ulifunguliwa?"

Mzee aliitazama miguu yake. "Tulikuwa tunaimba."

"Najua mliimba. Nauliza mlango."

"Ndiyo nakujibu. Waligonga, tukaanzisha wimbo. Wakazidi kugonga, tukapandisha sauti. Wenye mapanga walikuwa wanawafuata nyuma, mwanangu. Tungefungua wangeingia wote, na sisi si watu wa kupigana. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Halafu hawakugonga tena. Tulimaliza beti zote."

"Nani aliyesema mlifungua?"

"Iliandikwa mwaka uliofuata. Mimi nilitia sahihi."

"Na mimi nimeuandika mchezo huu miaka sita! Mbona hukuniambia?"

"Uliuandika vizuri sana," mzee alisema. "Nililia kama wenzangu."

Mwalimu alimaliza mguu wa kushoto, akazikusanya kucha, akaenda kuandika. Jumamosi alilisomea baraza la wazee kurasa mbili mpya. Walimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Wale kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye benchi la ukutani, wanasikiliza pia.

"Hakuna anayebisha, Mwalimu," mchungaji alisema. "Wenyewe si hawa hapa? Lakini huu ni mchezo wa amani. Usituletee fujo."

"Na baba yako tumemwandalia kiti cha mbele," mzee mmoja aliongeza. "Atauweka wapi uso wake?"

Wakakubaliana hivi: mwuza nyama atauzunguka mlango, awape wageni mikono huko nje, kisha kwaya iimbe kwa nguvu kufunika kule kugonga.

"Mnaona mnachokifanya?" Mwalimu aliuliza.

"Tunaona," alisema mchungaji, akafunga kikao kwa sala.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kwa kawaida Mwalimu alisimama nyuma ya pazia, akiwanong'oneza waigizaji waliosahau maneno. Onyesho la tatu lilipoanza aliliacha daftari sakafuni, akatoka, akapita katikati ya wale kumi na mmoja, akaanza kugonga pamoja nao. Mbao zilikuwa za baridi. Kwaya ilisikia mkono umeongezeka, ikapandisha sauti. Akagonga kwa ngumi zote mbili. "Baba!" aliita. "Baba, ni mimi!"

Hapo ndipo aliposikia, kutoka safu ya mbele, besi ya mzee ambaye hakuwa ameimba miaka mingi. Ilianza ikikwaruza, kisha ikatulia, ikashika wimbo wote na kuubeba. Mwalimu aliacha kugonga, akauegemea mlango. Mama wa godoro alimshika kiwiko.

"Usijali," alimwambia. "Zimebaki beti mbili."

Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Wengi walilia. Wote walisema mwaka huu kwaya imejitahidi kuliko miaka yote.

Mchezo ukasifiwa mpaka ukaalikwa kwenye usharika mwingine, umbali wa nusu siku kwa miguu. Waigizaji walipanda basi. Wale kumi na mmoja walitembea, na Mwalimu akatembea nao, wakipokezana godoro. Walipofika, walikuta wenyeji wameshawatandikia mikeka nje, kivulini, ya kuwatosha wote kumi na wawili.

Mzee wa kanisa wa pale, mtu mpole mwenye miwani, alikuja kuwapokea. Alimpa kila mmoja mkono, akawapa pole ya safari, akawaambia wajisikie wako nyumbani. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango taratibu ili watu wasikie vizuri mchezo.