Mstari wa Chaki

Kila asubuhi nilisimama mbele ya ukuta mtupu wa ukumbini, nikavipandisha vidole polepole kama buibui mlevi, hadi bega liseme basi. Mdogo wangu akachora mstari wa chaki pale vilipoishia. Ndivyo alivyotuelekeza mtaalamu wa viungo: upite mstari wa jana, na siku utakapozoea kuupita, rudi saluni ukasuke.

Msusi asiyeweza kuinua mkono ana kazi gani? Kiti changu alikishika mdogo wangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika kitana.

Na alinihangaikia, simnyimi haki yake. Sukari aliiondoa mezani. Nikifungua soda, ananipokonya: "Dada, unataka bega au unataka gesi?" Jioni ananiburura tukatembee. Wakati wa kulala ananiwekea mto chini ya mkono, nisije nikalalia upande mbovu. Mwili ukapungua, usingizi ukarudi. Mstari tu ndio uliogoma. Kila asubuhi niliishia chini ya ule wa jana.

"Bado, dada," ananipapasa mgongo. "Usijilazimishe."

Leo kliniki, mtaalamu aliniambia nipandishe mkono kwenye ukuta wake wenye vipimo. Nikapandisha. Akacheka.

"Mama, mkono huu ulipaswa kuwa kazini zamani! Nani kakwambia haupandi?"

"Chaki," nikasema.

Nilirudi nyumbani nikawasha taa ya ukumbini. Chini kidogo ya mstari wa asubuhi palikuwa na alama ya mstari mwingine, uliofutwa kwa kitambaa kibichi. Hapo ndipo vidole vyangu vilipoishia kweli. Mtu aliufuta, akachora mpya juu zaidi, ili kesho nishindwe tena. Na humu ndani tunaishi wawili tu.

Nilimkuta saluni anamsuka mteja wangu wa siku nyingi.

"Unahamisha mstari," nikamwambia.

Vidole vyake havikusimama. "Ukirudi, mimi nitakwenda wapi, dada? Nirudi kufagia nywele?"

"Si ungeniambia!"

"Ungenipa kiti?"

Niliinua mkono mbele ya kioo, juu, juu kabisa, saluni nzima ikaona.

"Nipishe."

Mteja akakishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Jamani, msinigombanie kichwa! Shoga yangu, pole, lakini mwache amalize. Mkono wake mwepesi. Nimeshamzoea."

Nilimtafuta mdogo wangu kwenye kioo. Hakuinua macho. Alichota mafuta kwa ncha ya kidole, akagawa nywele, akaendelea.

Mkono wangu ulikuwa bado uko juu. Haukuuma hata kidogo.