Sauti Isiyo na Mwenyewe

"Amka we mwana wa mama, mkate wa moto huo wapita!"

Mwamvua aliita, akasimama na beseni lake kichwani, akasubiri. Uchochoro mzima wa Usagara kimya. Zamani angeita mara moja tu, milango ikafunguka, watoto wakatoka na sahani. Akaita tena. Ndani ya nyumba mojawapo mtu akaitikia kwa mdomo, dum-kata-dum, kisha kicheko. Mlango haukufunguka.

Jambo hili lilimshangaza kuliko kumkasirisha. Mkate wa kumimina ulikuwa ule ule, tui lile lile, hiliki haikupungua. Lakini mkate ukipoa hauna mteja, na usipouzwa, yeye na mama yake aliyelala kitandani hawana chakula cha mchana. Tena kulikuwa na mshindani. Tangu Jumatatu alimsikia kwa mbali mwanamke mwenye sauti kama yake, akimfuata hamwoni.

Akapiga hodi kwa Samiha, mteja wake wa siku zote.

"Lo! Kumbe ni wewe?" Samiha alishangaa. "Mie nikadhani wimbo wa Luqmani!"

"Wimbo gani?"

"Dada, waishi dunia gani? Ngoma mpya ya Afrobeats, kila simu inayo. Hebu sikiliza."

Ngoma zikaanza, kisha sauti ya Mwamvua mwenyewe: *Amka we mwana wa mama.* Hapo ngoma zikarudi. Maneno ya mkate yalikatwa, hayamo.

"Rudisha," Mwamvua alisema. Alisikiliza kinywa wazi. Mshindani wake ndiye huyo! Na ilikuwa sauti nzuri, hilo alilikiri. Akamkumbuka Luqmani, kijana wa mtaa huu huu, siku alipomwelekezea simu: "Mamdogo, ita tena, iwe kumbukumbu yangu nikienda Dar." Akaita huku akicheka, na kipande cha mkate akampa bure.

Samiha akampigia Luqmani. Akapokea mtu mwingine, akajiita meneja wake. Mwamvua akamwambia sauti iliyo kwenye wimbo ni yake.

"Hiyo ni sauti ya mtaani, bibie. Haina mwenyewe." Akakata.

Neno hilo lilimchoma Mwamvua. Alitoka nalo hadi mtaa wa pili, akaita kwa hasira. Aliyetokea ni mgambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Huo wimbo unaotangazia biashara ni wa msanii. Kibali unacho?"

Mwamvua alimkazia macho aone kama anatania. Hakuwa akitania.

"Baba, anayeita humo ni mimi."

"Kila mtu atasema hivyo. Lete beseni, utajieleza ofisini."

Akalishika. Kabla hajalishusha, simu ikalia mfukoni mwake: *Amka we mwana wa mama.*

"Pokea basi," Mwamvua akamwambia. "Si nakuita?"

Mgambo aliona haya, akainamisha uso. Akapokea kwa mkono mmoja. Wa pili haukuliachia beseni.

Alipoondoka nalo, mvuke ukiwa bado unatoka, Mwamvua aliita kwa nguvu zake zote, watu watoke wamwone, wamshuhudie.

"Amka we mwana wa mama!"

Nyumba baada ya nyumba zikamwitikia kwa furaha, dum-kata-dum, na hakuna aliyefungua mlango.