Insha Iliyojaa 'Li'

Mlangoni mwa ukumbi mwezeshaji alikuwa amesimama na boksi la viatu, anakusanya kalamu nyekundu. Kalamu zetu jamani! "Mtarudishiwa jioni, walimu wangu," anasema, na tabasamu juu. Nilimpa moja, ya pili nikaiacha mkobani. Mwalimu wa lugha bila kalamu nyekundu ni refa bila filimbi, na mimi sikwenda pale kuchezewa.

Semina ilikuwa ya kuinua uandishi wa wanafunzi. Tuliagizwa kila mmoja aje na insha za darasa lake, zisizo na majina, ili tusome kazi bila kumtazama mtu usoni. Zangu zilihusu "Mama Yangu," na nilizibeba kwa maringo, maana kwa kusahihisha hakuna wa kunishika. Tangu nifanywe mwalimu wa taaluma kazi zote narudi nazo nyumbani. Nakula nikisahihisha, na nikisemeshwa najibu "subiri" bila kuinua uso. Zile insha zilizoandikwa kwa wakati uliopita nilizichana kwa wino, kila 'li' nikaigeuza 'na', nikawapa wazione, nikaamuru wenye makosa hayo wakaandike upya nyumbani kwenye daftari, kisha nikazikusanya. "Mama ni mama," niliwaambia darasani. "Mbona mnamwandika kama nyumba iliyobomolewa?" Wakacheka sana.

Binti yangu yumo darasani humo. Shuleni ananiita Mwalimu kama wenzake, na sheria hiyo niliiweka mwenyewe.

"Leo hatusahihishi," mwezeshaji akaanza. "Leo tunasoma. Kabla ya kosa, mtoto anatuambia nini? Haya, badilishaneni karatasi."

Nikamnong'oneza jirani yangu, mwalimu wa shule nyingine tunayemwita Chaki kwa sababu suruali yake haiishiwi vumbi jeupe hata siku ya harusi. "Hayo ni maneno ya mtu asiye na watoto sabini darasani."

"Nyamaza wewe," akanijibu, "tutafukuzwa na chai bado haijaja."

Chaki akachomoa karatasi moja kwenye rundo langu, akasimama. Mwezeshaji akamwambia asiuangalie wino mwekundu, asome alichoandika mtoto. Akasoma kwa sauti yake nzito:

"Mama yangu alipenda kucheka. Aliimba jikoni vibaya makusudi ili nimkosoe. Alifunga mlango kwa kisigino kwa sababu mikono ilijaa vikombe. Asubuhi aliniuliza nimeota nini, akaningoja mpaka nimalize."

Mwalimu mmoja wa kike nyuma yetu akasema, "Masikini, yatima wa watu."

"Tena aliyesahihisha kambadilishia yote," Chaki akasema, akinigeukia taratibu. "'Alipenda' imekuwa 'anapenda.' 'Aliimba' imekuwa 'anaimba.' Dada yangu, mtoto kafiwa, wewe unamlazimisha amfufue mama yake kwa kalamu?"

Nilipekua kichwani ni yupi wangu aliyefiwa na mama mwaka huu. Sikumpata. Ndipo nikauona ule mlango wa jiko, nikakiona na kisigino, na kisigino kilikuwa changu. Ala! Nimewafundisha wote mwandiko mmoja, wa duara, wa kulala kidogo kulia, hata wa mwanangu nikashindwa kuutambua. Lakini hilo ni la kujitetea tu. Ukweli ni kwamba karatasi ile sikuisoma. Niliipitia nikiwinda makosa, nikayapata, nikaridhika.

"Tumchangie chochote," yule wa nyuma akasema. "Hata sare."

"Mama yake yu hai," nikasema.

"Kumbe! Unamjua?"

"Namjua kidogo."

Ningesema ni mimi, maneno mawili tu, lakini nikajitia kupanga karatasi zangu. Wakaendelea kumlaumu yule mama: pengine kamkimbia mtoto, pengine mlevi, siku hizi wanawake wengine hawana haya. Nami nikaitikia. Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa pamoja nao, nikasema, "Kweli kabisa." Chai ilipokuja, Chaki alikunywa kikombe chake na changu.

Nilirudi nyumbani kabla jua halijazama. Binti yangu alikuwa mezani jikoni na daftari lake, kifutio pembeni.

"Shikamoo, Mwali— shikamoo, mama."

"Marahaba." Nikavuta kiti. Kiti kikakwaruza sakafu, naye akashtuka, akanitazama kama mtu aliyeitwa ofisini. Nikaitoa karatasi mkobani, nikaiweka kati yetu. "Hii ni yako?"

"Nimeshaanza kuisahihisha," akajibu haraka haraka. "Ona."

Nikaona. Mama yangu anapenda kucheka. Anaimba jikoni. Anafunga mlango kwa kisigino. Hati safi, hakuna kosa hata moja. Kwenye ile sentensi ya ndoto alikuwa ameandika "Asubuhi," basi. Baada ya hapo ukurasa ulikuwa umefutwa na kufutwa hadi umekaribia kutoboka.

"Mbona umeishia hapo?"

Akachezea kifutio. "Nikiweka 'na' inakuwa uongo. Na ulisema insha ya kuelezea mtu isiwe na uongo."

"Na hizi za juu?"

Akaifunika mistari ile kwa kiganja. Mwanangu hana tabia ya kunijibu vibaya, na siku ile niliomba moyoni anijibu vibaya, anipigie kelele, avunje hata kikombe.

"Mama, niandike nini sasa?"

Nilitaka kumwambia nimekuwa na kazi nyingi. Nilitaka kumwambia nampenda, kwamba kesho asubuhi nitamuuliza ameota nini, niahidi mbingu na ardhi. Lakini alikuwa ameniuliza swali la insha, na jibu lake nilikuwa nalo.

"Weka 'li'," nikasema. "Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea."

"Hutanikata maksi?"

"Sikukati."

Akashusha pumzi, akainamia daftari. Alianzia juu kabisa, akafuta 'na' ya kwanza, akapuliza vumbi, akaandika 'li'. Kisha ya pili. Nilikaa palepale nikimwangalia, nikitamani abakishe hata moja. Hakubakisha.