Pilau ya Maman Ridhwani

Maman Ridhwani alidhani rufaa ni jambo la ofisini: unaingia, mlango unafungwa, unamnong'oneza karani shida zako, unatoka na heshima yako. Gratien, mkuu wa mtaa wao pale Kamembe, alimzindua. Jina la mama huyo lilikatwa kwenye msaada wa wazee wasiojiweza kwa sababu majirani walisema anajiweza. Basi pingamizi atalitoa mbele ya majirani haohao, kwenye mkutano wa wakazi, nao ndio watakaoamua. Mficha uchi hazai, Gratien akamwambia.

Nusura aache. Lakini magoti yalikuwa yamemkatalia biashara ya vitenge, na njaa haina adabu.

Siku ya mkutano alivaa kitenge chake kizuri, na hilo lilikuwa kosa. Alisimama kwenye nyasi akasema hana kitu. Watu wakatazamana. Nyirabagenzi, jirani waliyepakana naye ua, akainuka, wala si kwa ubaya; mama wa watu alikuwa anasema alichokiona.

"Siye bote tunakulaka pilau yake ku Idi. Muntu anagawia batu nyama, ni maskini ya namna gani?"

Wengine wakaitikia, wakamsifu. Walizikumbuka sahani zilizofunikwa kwa kitambaa cheupe, zikipita nyumba kwa nyumba, za Waislamu na za Wakristo. Sifa hiyo ndiyo aliyoijenga miaka yote, na sasa ilikuwa inamnyonga. Aliona aibu. Gratien akamuuliza kama ana la kujibu. Angeweza kukaa, akarudi nyumbani na jina lake zuri, akalala nalo na njaa yake.

"Ile nyama ni sadaka," alisema, akiangalia miguu yake. "Ku musikiti banaletaka kwangu kwanza, juu miye njo maskini. Napika yote, nabatumia nyiye bote, musijue. Miye nabakiaka na ukoko."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Gratien akaomba wanaokubali kwamba Maman Ridhwani ni maskini wanyooshe mikono. Nyirabagenzi alikuwa wa kwanza, macho chini. Mikono ikafuata, mmoja mmoja, hadi ya wale aliokuwa akiwauzia vitenge. Maman Ridhwani aliitazama yote, akitafuta jirani mmoja tu atakayembishia kwamba si maskini. Hakumpata.